Mtihani wa Tatu wa Ticha

Jambo la kwanza Ticha alilotukataza ni kujibu kama watu wa Kariakoo. Alilisema siku ya kwanza ya darasa, kabla hata hatujakaa sawasawa juu ya marobota ya vitenge, na akaendelea kulisema kila Jumamosi mpaka likatuchosha.

"Swali likisema kampuni inataka data zake zisipotee, wewe Rukia utawaza nini?" aliniuliza. "Utawaza umeme ukikatika. Utawaza jenereta. Utawaza nakala kwenye flashi, flashi ndani ya kabati, ufunguo kwa mama. Huko ndiko kufeli kwenyewe. Aliyetunga swali umeme wake haujawahi kukatika. Jibu kama yeye."

Mtihani tuliokuwa tunausomea ulikuwa wa usanifu wa mifumo ya data ya wingu, ngazi ya juu. Kwa asiyejua, wingu ni kompyuta za watu wengine, ziko mbali huko, unazikodi na kuweka kumbukumbu zote za biashara yako humo badala ya kuwa na mashine yako ofisini. Msanifu ndiye anayeamua kipi kikae wapi, nani akione, na kikiharibika kitarudishwaje. Wenye cheti cha ngazi ile hapa mjini ni wachache, na aliyekipata hatafuti kazi tena, kazi ndiyo inayomtafuta. Ticha alikuwa anayajua mambo hayo kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye, na alikuwa ameshafeli mara mbili.

Hakutuficha. Alitueleza alivyofeli, swali kwa swali, kama mtu anayesimulia ugonjwa aliokwishauzoea. Zaidi ya miaka ishirini alikuwa mtunza seva wa kampuni moja ya kusambaza dawa, ofisi zake Posta. Seva ile aliifunga yeye mwenyewe kwenye chumba kidogo cha ghorofa ya tatu, akaandika programu zake, akajua kila faili lilipo. Masika ikija na maji yakianza kuingia majengo ya jirani, alikuwa anazitoa diski za nakala, anazitia ndani ya mfuko wa mkate, mfuko ndani ya mfuko mwingine, na kwenda nazo nyumbani kwake Ilala akiwa amezikumbatia. Hakuna hata rekodi moja ya dawa iliyopotea mikononi mwake. Basi kwenye mtihani akiulizwa data zilindwe vipi na majanga, mkono wake ulikuwa unakwenda wenyewe kwenye jibu la mtu na mfuko. Jibu sahihi lilikuwa kubonyeza sehemu fulani na kuacha mashine zijilinde zenyewe kwenye nchi tatu tofauti.

"Nalijua jibu," alisema. "Nikifika pale silipendi."

Darasani tulikuwa wanafunzi wawili, mimi na Salim. Wengine walikuja wiki mbili tatu na kupotea. Chumba kilikuwa stoo ya ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa la baba yake Salim, mtaa wa pili kutoka sokoni, chenye dirisha moja linalotazama nyaya. Baba yake Salim tulimwita Mzee tu, kama mtaa mzima ulivyomwita. Ukoo wao ulitoka Arabuni zamani na haujawahi kuuza kitu kingine zaidi ya vitambaa. Hakuelewa hata chembe tulichokuwa tunasoma, lakini kwake mtu mwenye mvi anayebeba madaftari alistahili chumba, basi. Alitupa chumba, akatupa feni, na kila ikifika saa nne asubuhi akatuletea birika la chai ya tangawizi yeye mwenyewe, akipanda ngazi moja moja na kupumzika kila baada ya tatu nne, maana magoti yalikuwa yameshamkataa.

Ticha alikunywa chai ile bila sukari na kutuhubiria juu ya sukari. Mfukoni alikuwa na kashata. Alivaa shati la mikono mifupi lililopigwa pasi mpaka mistari ya mikono ikasimama, na kalamu nne mfukoni, na mimi katika muda wote ule sikumwona akitumia zaidi ya ile nyeusi. Hakuandika kwenye ubao. Aliandika kwenye makaratasi magumu yanayozungushiwa vitambaa dukani, yale ambayo kitambaa kikiisha hutupwa nje. Aliyaokota, akayafuta vumbi kwa kiganja, akachora mifumo mizima humo kwa mwandiko mdogo uliolala upande. Mimi ninayo matatu mpaka leo na siwezi kuyatupa wala kuyatazama.

Tena alikuwa na hili: alisoma kwa kuchezesha midomo. Sauti haikutoka, lakini midomo ilikwenda, neno kwa neno. Salim alimtania kwamba anaonekana kama mtu anayeila ile laptopu. Ticha alicheka, akaendelea kuila.

Na pamoja na kutukataza Kariakoo, alitufundisha kwa Kariakoo tupu. Siku tuliposhindwa kuelewa kwa nini data zikiingia nyingi kwa mkupuo mfumo unakwama, alifunga laptopu akatuteremsha barabarani. Kulikuwa na lori limezuia njia, linashusha marobota, na wabebaji wanapigana vikumbo kwenye mlango wa duka.

"Mzigo ni mwingi, mlango ni mmoja," akasema. "Salim, fanya nini?"

"Niongeze wabebaji, Ticha."

"Umeongeza. Sasa wamebanana wengi zaidi mlangoni. Rukia?"

"Washushe kwanza barazani. Halafu wa ndani wavute taratibu, kadiri mlango unavyoruhusu."

Hakunisifu. Aligeuka akapanda ngazi, nasi tukajua nimepata. Nilipokaa kwenye mtihani wangu miezi mitano baadaye, swali lile lilikuja kwa maneno makubwa na michoro, na mimi nikaliona lori.

Yapo mambo yake ambayo sikuyaelewa wakati ule na hata sasa sijayaelewa vizuri. Kuna makundi kwenye simu yanayouza maswali ya mtihani yaliyoibwa. Salim aliwahi kuyanunua maswali hayo, akayachapa na kuyaleta darasani kwa nia njema kabisa. Ticha aliyachana mbele yetu, vipande vidogo vidogo, akatuambia kwamba mtu anayelinda dawa za wagonjwa kwa cheti cha wizi ni muuaji aliyepiga pasi shati. Wiki chache kabla ya mtihani wake wa tatu aliniomba nimpe miwani yake kwenye begi, nikafungua, nikaona maswali yaleyale, yamechapwa na kubanwa pini, mapya, hayana hata alama ya kidole. Nikampa miwani. Yeye aliona kwamba nimeona. Tuliendelea na somo, na mimi ndipo nilipoanza kuogopa kwa ajili yake.

Alikuwa na sababu ya kutapatapa. Kampuni yake ya dawa ilikuwa inahamisha kila kitu kwenye wingu, na ili ipewe mkataba na wenye mashine hizo, ilitakiwa kuwa na msanifu wake mwenye cheti cha ngazi ya juu. Meneja alimwita Ticha akampa tarehe. Cheti kikipatikana kabla ya tarehe ile, Ticha ndiye atakayeongoza uhamisho. Kisipopatikana, wanamshukuru kwa utumishi wake na wanatafuta mwingine. Alitueleza hivyo akiwa amesimama dirishani, ametugeuzia mgongo.

"Wanipe kufagia kile chumba tu, nitafagia," alisema. "Lakini hawatanipa."

Masharti ya mtihani yalikuwa yanaruhusu kuufanya mara tatu tu. Ukifeli ya tatu, au ukifutiwa mtihani kwa kukiuka taratibu, unakaa mwaka mzima ndipo uruhusiwe tena. Kwa Ticha mwaka ulikuwa sawa na kamwe.

Kituo cha mtihani cha mjini kilikuwa kimejaa mpaka baada ya ile tarehe. Ikabidi aufanyie stoo kwetu, kwenye laptopu, akisimamiwa kwa kamera na mtu asiyemjua, aliyekaa nchi isiyojulikana. Mimi nilikuwa nimeshafanya hivyo mwezi mmoja kabla, ndani ya stoo ileile, na nilikuwa nimefaulu. Nilimweleza kila kitu. Usiangalie pembeni. Usiseme neno. Asiingie mtu, isisikike sauti ya mtu ndani ya chumba. Wanakuonya mara moja, ya pili wanafuta. Ticha aliyaandika yote kwenye karatasi la kitambaa kwa ile kalamu nyeusi, na mimi niliona raha fulani ya kijinga, kwamba leo mimi ndiye ninayemfundisha.

Alianza saa tano na nusu asubuhi, ajiendee mpaka saa saba na nusu, kisha aswali adhuhuri kwa utulivu. Salim alikaa dukani na wateja. Mimi nilikaa chini ya ngazi. Kazi yangu ilikuwa moja tu, asipande mtu. Niliwarudisha wanaoulizia vyoo, nikamrudisha fundi wa feni, nikamrudisha mama mmoja aliyekuwa anatafuta stoo ya jirani. Saa saba na dakika chache Mzee akarudi kutoka msikitini, kanzu yake nyeupe, bakora mkononi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mwalimu wenu bado yumo?"

"Yumo, Mzee. Bado nusu saa hivi."

"Nimemuombea huko nilikotoka. Sasa nataka nimuombee na hapa mlangoni, halafu nishuke."

"Mzee, wamesema isisikike sauti. Kuna kamera."

Alinitazama kwa upole tu, hakuwa na hasira hata kidogo. "Kamera inakataza dua, mwanangu?"

Nyumba ilikuwa yake. Ngazi zilikuwa zake. Chai tuliyokunywa mwaka mzima aliibeba kwa magoti yale. Mimi nimelelewa mtaa wa Gerezani na bibi ambaye hakuniruhusu hata kumpita mtu mzima kwa mbele bila kuinama. Nikasogea pembeni. "Pita tu, Mzee," nikasema.

Kilichotokea juu alinieleza Ticha mwenyewe. Msimamizi alikuwa ameshamwonya mara moja, mapema kabisa, kwa kuchezesha midomo. Alikuwa amebakiza maswali sita. Alikuwa anajibu vizuri, alisema, alikuwa amejisahau kabisa kwamba yuko Kariakoo. Mlangoni ikaja sauti ya Mzee, taratibu na kamili, "Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh." Ticha alisema alijua anachotakiwa kufanya, ni kunyamaza. Sauti ya nje pengine ingesamehewa. Lakini salamu ile haiachwi hewani, na aliyeitoa alikuwa mtu mzima kumzidi yeye, mwenye nyumba, amepanda ngazi kwa ajili yake. Akageuza uso mlangoni, akaijibu yote, mpaka mwisho wake. Alipogeuka tena, kioo kilikuwa cheupe na mstari mmoja wa maandishi, kwamba mtihani umefutwa.

Mzee aliomba dua yake pale nje, ndefu, na Ticha akaitikia amina mpaka ikaisha.

Aliposhuka nilimwona usoni kabla hajasema. Salim alitaka kwenda kumweleza baba yake, na Ticha akamshika mkono. "Mzee asiambiwe," alisema. "Mtu amekuombea, unamwambia nini? Asiambiwe maisha." Hatukumwambia. Mzee alijitapa mtaa mzima kwamba dua yake ndiyo iliyomvusha mwalimu, na kila alipomuuliza, "Ulipata lakini?" Ticha alijibu, "Alhamdulillahi, Mzee," nami nikawa natazama vitambaa.

Ticha aliandika barua kwa wenye mtihani, akaeleza salamu ni nini kwetu. Nilimsaidia kupanga maneno. Jibu lilirudi siku ileile, la adabu, lenye namba ya kumbukumbu, likimtakia maandalizi mema ya mwaka ujao.

Watu waliponiuliza kama alinilaumu, niliwaambia hakunilaumu, na nilidhani ni kwa sababu hajui. Mlango ulikuwa umefungwa, alikuwa kwenye mtihani, na hakuna aliyeniuliza Mzee alipitaje. Nilisema tu kwamba amepanda. Nimejiuliza sana kama ilikuwa heshima peke yake. Nilikuwa na cheti wakati ule, na nilikuwa sina kazi, na tarehe ya ofisi yao niliijua kama yeye. Naapa sikuliwaza hilo pale chini ya ngazi. Lakini mtu anaweza kuapa hivyo na bado asijiamini, na mimi ndivyo nilivyo.

Tangazo la nafasi yake aliniletea yeye mwenyewe. Alikuja nyumbani kwetu, akakataa kukaa.

"Omba," alisema.

"Ticha, siwezi."

"Wataleta mtu. Lazima watamleta. Basi awe mtu ninayejua amesoma wapi." Akaniwekea karatasi juu ya meza ya mama. "Na usijibu kama mtu wa Kariakoo."

Niliomba, wakanichukua. Walimuaga Ticha kwa chakula cha mchana na saa ya ukutani. Mimi nilikaa kwenye kiti chake, nikahamisha kazi yake ya miaka yote kwenye wingu kwa muda wa miezi minne, na kila niliyemwonyesha mpango wangu aliusifu. Ulikuwa mpango mzuri. Ulitoka kwenye makaratasi ya vitambaa.

Darasa lilikufa lenyewe. Salim alirudi dukani moja kwa moja, na jina la mtihani ule hataki kulisikia. Ticha sikumwona kwa muda mrefu. Nilipiga simu mara tatu, akapokea mke wake kila mara, akaniambia amelala, saa nne asubuhi.

Nilikutana naye mwezi uliopita, na ni kwa sababu ya seva. Data zote zilikuwa zimeshahama, ikabaki ile mashine yenyewe, inakula umeme bure. Kuizima kwa usalama kulihitaji neno la siri ambalo alikuwa nalo yeye peke yake. Meneja aliniambia nimpigie anitajie. Nilimpigia, na safari hii alipokea mwenyewe.

"Kwenye simu sitaji," alisema. "Nitakuja."

Alikuja na shati lilelile, mistari imesimama, ila shingo ilikuwa imepungua ndani ya kola. Mlinzi, ambaye ni mgeni pale, alimwandikisha kwenye daftari la wageni na kumtundika kitambulisho cha mgeni kifuani. Nilitaka kusema neno, Ticha akanikataza kwa macho. Shikamoo yangu aliiitikia kama zamani. Tulipanda mpaka ghorofa ya tatu, na mlangoni pa chumba kidogo akasimama, akanisubiri mimi nifungue.

Aliandika neno la siri mwenyewe, midomo ikicheza. Akakagua faili moja moja, akaniuliza hili limehama, na hili, na hili la dawa za watoto, nami nikamwonyesha kwenye laptopu yangu kila lilipo sasa. Yote yalikuwepo. Ilichukua saa nzima na hakupata kosa hata moja, na mimi nilitamani apate.

"Haya," akasema. "Zima."

"Zima wewe, Ticha."

"Mwenye cheti ni wewe."

Nikabonyeza. Taa ndogo zikazimika kwa zamu, feni zikapungua, zikapungua, zikasimama. Sikuwahi kujua kwamba chumba kile kilikuwa na kelele mpaka zilipokwisha. Ticha alichomoa waya wa umeme ukutani, akaanza kuukunja kwa kiwiko na kiganja. Nilimtazama mikono, na kile nilichokibeba tangu siku ile kikanitoka.

"Ticha, mimi ndiye nilimpisha Mzee. Nilijua kuna kamera. Ningeweza kumzuia, sikumzuia."

Hakuinua uso. Aliendelea kukunja.

"Najua," alisema. "Mlango ule mwembamba. Nilikusikia ukisema pita tu. Nikaacha kusoma, nikawa nangoja umwite arudi. Ngazi zile ni nyingi, na Mzee anapanda polepole."

Akamaliza kuukunja ule waya, akaufunga vizuri kwa ncha yake, akaniwekea mkononi.